Godoro Anakula Mara Ngapi

Kambini, 2 Februari

Baba, shikamoo.

Tumefika salama, mimi na binti yako. Barabara ilitutingisha mpaka meno, lakini tumefika. Kambi iko bondeni, chini ya daraja tunalojenga, na simu hazishiki kabisa. Mawasiliano ni barua tu, zinakuja na kurudi na lori la saruji. Binti yako ameshafungua chumba chake cha dawa na wagonjwa wameshajipanga, ingawa nusu yao naona hawaumwi popote. Mimi nashinda juu kwenye kreni, nashuka jioni nikiwa na shingo ngumu.

Naandika hasa kuhusu Godoro. Najua ulisema mbele ya Mama kwamba kazi yako ni kumwaga chakula kwenye bakuli na kuondoka, zaidi ya hapo humo. Mama naye akaapa kwamba mbwa yule hatamgusa hata kwa fagio. Nawashukuru hivyohivyo. Kampuni haitaki wanyama kambini mpaka uzio ukamilike, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

Sasa nikuombe, Baba. Mama yake Godoro ni yule jike anayelinda yadi ya kampuni, mzito kuliko mimi nikiwa nimevaa buti. Mbwa wa jamii hiyo anakua karibu miaka miwili, na hatakiwi kuharakishwa. Akilishwa sana akiwa mtoto, mwili unatangulia mifupa. Miguu inabeba mzigo kabla haijakomaa, inapinda, na akishakua nayo hivyo hainyooki tena. Pale yadini yuko mmoja wa namna hiyo. Bado kijana, lakini akitaka kusimama anajiuliza kwanza. Sitaki Godoro awe vile.

Chakula ni kile kikavu nilichokuachia kwenye mfuko, hicho peke yake. Kopo moja asubuhi, moja mchana, moja kabla hujaenda kazini. Atakulilia. Godoro analia akiwa ameshiba, analia hata akisikia kijiko kikianguka kwa jirani. Usimsikilize. Ukipitisha mkono ubavuni unatakiwa uzihisi mbavu zake bila kuziona. Mazoezi ni pale kwenye nyasi nyuma ya jengo, kidogo asubuhi na kidogo jioni, acheze, akichoka aachwe alale. Asikimbizwe kwenye lami. Na ngazi, Baba, naomba abebwe. Najua ni ghorofa ya tatu, na naona aibu kukuomba.

Binti yako anakusalimu. Anasema uvae sweta ukitoka kazini.

Mkweo wa kreni


Nyumbani, 10 Februari

Mkwe, marahaba.

Barua nimepata. Ndefu. Mbwa anakula kopo tatu kama ulivyosema, na anamaliza kabla sijanyoosha mgongo. Ngazi nambeba. Majirani wanadhani nimepata mjukuu.

Jambo jingine ni kati yako na mimi. Unajua ratiba ya nyumba hii. Nikitoka bekari saa mbili asubuhi, mama yenu ameshaondoka kwenda kufua mashuka ya hospitali. Akirudi yeye jioni, mimi nimeshaondoka kwenda kuwasha matanuri. Miaka mingi naingia nyumba tupu, kitanda kimetandikwa, chai iko kwenye chupa. Sasa naweka ufunguo mlangoni nasikia mkia unapiga ukuta. Nikiingia anafurahi mpaka makalio yanamwangusha. Nilisema simo. Sasa nimo kidogo.

Tukitoka nyasini tunapitia barabara ya chini mpaka bekari, nikawaonyeshe wenzangu, halafu tunarudi. Si mbali. Wanampa vipande vya mikate iliyovunjika, vichache tu. Mkate haujawahi kuua mtu.

Ila mama yenu asijue. Nilijitia mgumu mbele yake, na yeye mbwa huyu hampendi hata kidogo. Jumapili tukiwa wote nyumbani anampita kana kwamba ni kiti, kisha anaenda zake kwa dada yake. Sitaki maneno. Na mkeo pia usimwambie, maana atamwandikia mama yake kabla lori halijageuza.

Baba


Chumba cha kufulia, 11 Februari

Mwanangu mkwe, hujambo? Na binti yangu hajambo? Mwambie asimeze vumbi la huko, afunge kitambaa puani, yeye ni muuguzi anajua lakini atajisahau.

Naandika hapa kazini, karatasi nimeiweka juu ya rundo la mashuka, kwa hiyo ukiona imelowa usidhani nimelia. Ingawa kulia ningeweza. Mwanangu, yule uliyemwachia mbwa hamlishi. Sisemi kwa ubaya. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mtu anayerudi asubuhi na unga mpaka kwenye kope atawezaje kulea? Anajitupa kitandani. Mimi nikirudi jioni nakuta bakuli limelambwa linang'aa, na mtoto wa watu analia kilio cha kukata maini. Siku ya kwanza nilijikaza. Ya pili nikawasha redio ili nisimsikie, akaimba naye. Ya tatu nikavua viatu nikampikia.

Si vya anasa, wali na vipande vya nyama na maziwa kidogo. Alfajiri kabla sijatoka nampa tena, maana najua mpaka jioni hana mtu. Na jioni ninamtoa, tunazunguka uzio wa hospitali mara mbili, kwa kuwa ameshinda amefungiwa na miguu yake ingeganda. Njiani watu wanatupisha. Mimi mwanamke mfupi hivi, sijawahi kupishwa na mtu.

Tafadhali baba yenu asijue. Niliapa mbele yake, tena kwa sauti. Nikikiri leo nitasikia "si nilikwambia" mpaka nizikwe. Na yeye kumpenda hampendi, Jumapili akiamka anamtazama tu na kusema, "Huyu bado yupo?" Binti yangu usimwambie pia. Huyo hawezi kukaa na neno.

Godoro analala miguuni pangu kila jioni, na miguu yangu inachoka sana siku hizi, na sijui nilikuwa naishije bila yeye.

Mama mkweo


Kambini, 19 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imekuja na lori moja na barua nyingine za nyumbani, nikaisomea juu kwenye kreni ambako hakuna wa kuchungulia. Siri yako iko salama. Nakushukuru kwa moyo wako kwa Godoro.

Sasa Mama, sijui nianzie wapi. Kulia kwa Godoro si dalili ya njaa, hiyo ni sauti yake tu. Na bakuli linalong'aa lilikuwa na kitu kabla ya kung'aa. Huenda, nasema huenda tu, kuna mkono mwingine unaompa chakula mchana. Sina haja ya kuutaja. Lakini kama ungepunguza wali kidogo, na kuzunguka uzio mara moja badala ya mbili, ningefurahi sana. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mkweo


Kambini, 19 Februari

Baba, shikamoo.

Nashukuru kwa kumbeba. Siri yako haitoki kwangu.

Nilikuwa nafikiri tu, Baba. Ikitokea asubuhi ukamwona Godoro tumbo limejaa, usishangae. Nyumba ile ina watu wenye huruma kuliko unavyodhani. Na ile barabara ya chini ni lami, na mpaka bekari ni mbali kwa miguu michanga. Sisemi muache. Labda wenzako wangekuja wao kumtazama. Ni wazo tu, wewe unajua zaidi.

Mkweo


Nyumbani, 28 Februari

Mwanangu mkwe,

Umenifumbua macho. Mkono mwingine! Nimefikiri juu ya mashuka siku nzima nikampata. Ni yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza. Anao ufunguo wetu wa akiba tangu bomba lilipopasuka, na hana la kufanya mchana. Nimemwambia kwa upole, pale ngazini, majirani kadhaa wakiwepo, kwamba mbwa wetu asipewe kitu na mtu asiyehusika. Amekana. Amesema hata harufu ya mbwa haivumilii. Lakini hakunitazama machoni, na tangu jana hanisalimu. Kwa hiyo hilo limekwisha, na nimeongeza wali kidogo kufidia alichokuwa akipewa.

Kuna jambo linanitia wasiwasi. Miguu ya mbele ya Godoro imeanza kutazama pembeni. Akisimama utadhani anataka kwenda njia mbili kwa pamoja. Nikakumbuka ulivyosema kuhusu mifupa, nikaingia duka la chakula cha mifugo, wakanipa unga wa mifupa. Nampa kijiko kilichojaa asubuhi na jioni. Usihofu, nitamnyoosha.

Mama mkweo


Nyumbani, 1 Machi

Mkwe,

Unasema nyumba hii ina watu wenye huruma. Nyumba hii ina watu wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine juzi kasimama ngazini anamgombeza mwalimu wa watu kwa kumpa mbwa chakula. Ilikuwa Jumapili, nilimsikia nikiwa kitandani. Yaani anamchukia kiasi kwamba hata jirani akimhurumia inakuwa kesi. Nilimwonea Godoro uchungu, nikampa kopo la nne.

Nimempima kwenye mizani ya magunia ya unga. Kilo thelathini na nne, na hana hata miezi sita. Bekari nzima ilipiga makofi. Lakini mgongo wangu sasa umekataa. Ngazi anashuka mwenyewe, na kupanda anapanda mwenyewe.

Miguu ya mbele imekaa vibaya kidogo. Mwenzangu anayefuga amenipa unga wa mifupa, nachanganya kila kopo. Asubuhi akiamka anachechemea, ila tukishatembea kidogo kunapotea. Basi nimeongeza matembezi ili azoee.

Baba


Kambini, 8 Machi

Baba na Mama, shikamooni.

Hii ni barua ya wote wawili. Naomba muisome mkiwa mmekaa pamoja, hata kama itabidi mmoja wenu achelewe kazini, na nikisema hivyo najua nimeomba kitu kikubwa.

Mume wangu hali vizuri tangu lori la mwisho lije. Jana kashusha mzigo wa nondo mahali ambapo hapana kazi, msimamizi akaniletea nimpime. Nikamfunga kipimo cha presha mkononi, nikamwambia simfungui mpaka aseme. Akasema yote. Alikuwa na barua zenu mfukoni tangu mwezi uliopita, analala nazo. Huyu mtu ana heshima mpaka inamdhuru. Mimi sina, nimelelewa na nyinyi.

Mama, Baba anamlisha mbwa. Baba, Mama anamlisha mbwa. Baba anamtembeza asubuhi na Mama anamtembeza jioni. Hakuna anayemchukia. Mwalimu wa ghorofa ya kwanza hana kosa, Mama, ukamwombe radhi. Na unga wa mifupa mnampa wote, na huo ndio mbaya kuliko wali na mikate vyote kwa pamoja. Kwa mtoto wa mbwa mkubwa, unga ule ukizidi unaiharibu mifupa ileile mnayotaka kuiponya. Uacheni leo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo kesho, asishuke ngazi kwa miguu yake.

Mume wangu anampenda mbwa yule kama mtoto. Hatawaambia, kwa hiyo nawaambia mimi.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wazima wote wanaishi hivyo, mmoja anaingia na mwingine anatoka, mnaachiana chai kwenye chupa. Sikujua kwamba mnaweza kukaa nyumba moja na mbwa wa kilo thelathini na nne na kila mtu akadhani anaye peke yake.

Binti yenu


Nyumbani, 9 Machi

Mkwe,

Nakuandikia mambo yalivyokuwa, kwa kuwa mama yenu hawezi kushika kalamu sasa.

Jana nimefika mlangoni, sikusikia mkia. Nikaingia, nikamkuta mke wangu amekaa sakafuni jikoni na sare yake ya kazi. Nilidhani nimekosea nyumba. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona saa ile na siku ya kazi. Kichwa cha Godoro kilikuwa mapajani mwake. Alikuwa anajaribu kusimama, miguu ya mbele inafunguka, anarudi chini. Mama yenu akaniambia, "Kashindwa kuamka tangu alfajiri. Nisaidie."

Tukatoa blanketi kitandani, tukamlaza juu yake, kila mtu akashika pembe zake mbili. Ghorofa tatu. Mimi nashuka kinyumenyume, yeye juu ananiambia ngazi ziko wapi. Mwalimu wa chini akatushikia mlango wa nje. Mama yenu akamwambia asante bila kuinua macho.

Daktari ni binti mdogo, labda umri wa mkeo. Akamshikashika viungo, Godoro akalia kilio ambacho si kile cha kijiko. Kisha akachukua kalamu akauliza, "Godoro anakula mara ngapi?"

Nikasema mara tatu. Palepale mama yenu akasema mara mbili.

Daktari akauliza, "Sasa ni ipi?"

Tukatazamana. Mama yenu akasema, "Kwani wewe unamlisha?"

Nikasema, "Kwani wewe unamgusa?"

Daktari akajumlisha mwenyewe. Akauliza matembezi, tukajibu kila mtu yake. Akauliza ngazi. Tulipofika kwenye unga wa mifupa, kila mmoja na kijiko chake, akaweka kalamu mezani na kutuangalia tu. Nimefanya kazi na moto maisha yangu yote, sijawahi kuona joto kama lile.

Hakuna kilichovunjika. Viungo vimevimba, na mifupa ya mbele imeanza kwenda upande. Kwa kuwa bado anakua, kuna nafasi ya kurudi, ila hawezi kutuahidi. Ameagiza chakula cha mfukoni tu, kwa kipimo chake yeye, na kidogo kuliko hata chako. Unga wa mifupa kutupwa. Kutembea ni kwenye nyasi tu, dakika chache, kwa kamba. Ngazi asiziguse kabisa. Abebwe na watu wawili, kila mara, mpaka atakaposema basi.

Tukirudi, ndani ya teksi, mama yenu alilia, anasema amemwua mtoto wa watu kwa wali. Nikamwambia asijichukulie sifa zote, mikate ilikuwa yangu. Akacheka na machozi hukohuko. Kisha akaniuliza bekari nilimwonyesha kina nani, na walisemaje, nikamhadithia mpaka tukafika.

Nimeomba zamu ya mchana. Mtu mmoja hawezi kubeba blanketi.

Nina hasira na wewe kidogo. Mama yenu kaniambia naye alikuandikia, kwa hiyo ulikuwa na barua zote mbili mkononi. Siku nyingine ukituona wazee tunaharibu, tutukane kwanza, heshima utatuletea baadaye.

Baba


Kambini, 17 Machi

Baba na Mama, shikamooni.

Barua zetu zimepishana njiani. Nimeisoma yako, Baba, mara nyingi kuliko nilivyopaswa, na msimamizi amenikataza kupanda nayo juu.

Nilijua, na nikazungukazunguka. Niliogopa kumwambia mama mkwe wangu kwamba wali wake unadhuru, na Godoro ndiye aliyelipia woga wangu. Sasa naandika bila kupinda. Mama, usimpikie. Baba, mikate ibaki bekari. Akilia, mwacheni alie. Msimwongeze hata punje. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii, lakini nimeandika.

Uzio umekamilika juma hili na kampuni imeruhusu mbwa. Naweza kuomba ruhusa nije nimchukue. Kumbeba ghorofa tatu, kwa umri wenu, mara kwa mara kila siku, si mzigo niliotaka kuwatwisha. Semeni tu neno.

Mkwe wenu


Nyumbani, 25 Machi

Mkwe,

Usije. Waliompindisha ndio watakaomnyoosha.

Baba


Nyumbani, 21 Mei

Mwanangu mkwe, hujambo? Na binti yangu? Yale mafuta ya mgongo aliyotuletea dereva wa lori yamefika, mwambie baba yake anayamaliza peke yake.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa naogopa kuandika kabla daktari hajasema. Sasa amesema. Jumatatu alimsimamisha Godoro juu ya meza yake ya bati, ingawa siku hizi meza yenyewe inamtosha kwa shida, akamnyoosha mguu mmoja mmoja, akazipitia mbavu kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba yenu na sikujua kama nimeushika mpaka aliponiambia nilegeze, anauhitaji kukandia unga. Mguu wa kulia umenyooka kabisa. Wa kushoto, kiganja kimebaki kinatazama nje kidogo, na daktari anasema hicho atakwenda nacho, lakini hakimuumi na hakitamzuia kitu. Atakimbia, mwanangu. Akikomaa atakimbia kama mbwa yeyote.

Kwa kipimo amepungua kisha akaongezeka taratibu, kama inavyotakiwa. Mbavu unazihisi, huzioni. Kulia bado analia. Mwanzoni baba yenu alikuwa anatoka nje kusimama kwenye ngazi ili asimsikie, na mimi nilikuwa namfuata. Tulisimama pale jioni nyingi. Mnajua mtu unaweza kuzaa naye na kumzika mama yake pamoja naye, halafu usijue anasimulia vizuri hivyo. Ana habari za bekari za miaka yote ambazo hakuwa na wa kumwambia. Mwalimu wa ghorofa ya kwanza naye alianza kutuletea viti. Nilimwomba radhi siku nyingi, akasema tangu mwanzo alijua ni baba yenu, alikuwa anamwona dirishani akipita na mbwa kila asubuhi, ila kwa nilivyomkaripia hakuona sababu ya kunisaidia.

Njoo umchukue mbwa wako. Ulituachia mpaka uzio ukamilike, na hatutarudi nyuma. Baba yenu hataandika kuhusu hilo, ameniachia mimi, na mimi nakwambia ukweli kwamba tutaumia. Njoo Jumapili, tukiwa wote nyumbani.

Daktari pia ameruhusu ngazi, mara chache kwa siku, polepole. Leo asubuhi baba yenu akasahau, akatandaza blanketi mlangoni kama kawaida. Akashika pembe zake, nami nikashika zangu. Godoro akatuangalia sote wawili, akapita pembeni, akaanza kushuka mwenyewe. Aliweka mguu mmoja, akangoja, akaweka mwingine. Hatukupumua mpaka tulipomsikia yuko chini anakuna mlango.

Tukabaki tumeshika blanketi halina kitu. Nikamwambia baba yenu alikunje basi, kazi imekwisha.

Akasema, "Kwani umechoka kushika?"

Nikasema sijachoka. Tukashuka nalo hivyohivyo, ghorofa zote tatu, yeye kinyumenyume, mimi nikimwambia ngazi ziko wapi.

Mama mkweo